Betri Mbili Kwenye Sahani

Alhamisi, 15 Julai 1999

Mume wangu Mabula karudi kutoka Kahama na mizani mpya. Utadhani kaleta gari! Kaiweka mezani, lakini kwanza kafuta meza kwa kanga yangu — kanga yangu ya kanisani, Mungu wangu. Kitu chenyewe kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Unabonyeza, namba zinawaka. Kapewa na Nadeem, tajiri wake wa mjini, yule anayemtuma kununua dhahabu hapa Mwakitolyo. Zamani ilikuwa mizani ya mkono na kelele zake: mchimbaji anasema imelala huku, broka anasema imelala kule. Sasa namba inasema yenyewe.

Wachimbaji wamejaa barazani kwangu. Mwita, mpangaji wetu wa chumba cha uani, kapima kila kitu alichonacho. Pete, ufunguo, kiberiti, mwisho kapima ugoro. Limi anacheka kila namba zinapobadilika. Mwanangu anacheka kwa mwili mzima, mpaka anakaa chini. Miaka miwili na ushee tu na tayari ni mmbea, hataki kupitwa na jambo.

Chai imeisha yote, na maandazi. Mgahawa wangu haujawahi kujaa hivi tangu tuhame Kishapu. Basi na hiyo mizani ikae.

Ijumaa, 16 Julai 1999

Mizani imezima! Siku ya pili tu. Mabula kaipiga piga, kaitikisa, kaipuliza. Namba zinafifia kama mtu anayesinzia. Mwita akasema irudishwe Dubai. Nilicheka, Mabula akaninunia.

Kumbe ni betri. Si kama hizi za redio, ndefu. Hii ni bapa, pana kama shilingi kubwa, inang'aa. Nadeem alimpa na ya akiba, kaibadilisha, namba zikawaka. Ile ya zamani hakuitupa — nani hapa anatupa betri? Za redio tunazianika juani kila wiki, zinapata nguvu za kumaliza taarifa ya habari. Basi kaianika juani na yenyewe, pamoja na kale ka saa yake ya mkononi, kadogo kama kifungo cha shati. Mbili kwenye sahani. Sahani ya uji ya Limi! Nikamuuliza hakuna kitu kingine nyumba hii? Akasema jua la huku linakausha mito, litashindwa na betri?

Sahani iko kwenye kaukuta ka baraza. Imekaa hapo kutwa.

Jumamosi, 17 Julai 1999

Limi kameza betri.

Nilikuwa nakanda unga. Nikamsikia anakohoa kikohozi cha ajabu, kama kitu kinakwaruza. Nimetoka, kasimama kwenye kaukuta, sahani mkononi, tupu. Macho yamemtoka. Nimempiga mgongoni, nimemtia kidole mdomoni, katapika mate tu. Nikamuuliza iko wapi? Akagusa tumbo. Akasema "tamu". Kisha akalia, kisha akanyamaza, akataka kunyonya — na nilishamwachisha.

Nilipiga kelele, mtaa mzima ukaja. Mimi nilitaka twende zahanati ya misheni saa ile ile. Nimeshajifunga na kanga. Mwita akasema shemeji, tulia. Akacheka kabisa! Akasema wewe unaishi na wachimbaji, hujui? Yeye mwaka juzi alimeza punje ya dhahabu mbele ya walinzi wa duara, shimo lao la dhahabu, kubwa kuliko hiyo, na inakwaruza. Akala mlenda na ndizi mbivu, akakaa juu ya ndoo, ikatoka inang'aa vile vile. Watu wakaitikia, kweli, kweli, fulani naye alimeza, fulani naye. Hapa kila mwanamume ni mtaalamu wa tumbo. Mabula akasema betri yenyewe imekufa, haina nguvu hata ya kuwasha namba, itamdhuru nini? Ni kibati tu.

Na kwa kweli yamenituliza. Nimeona Mwita ni mzima, ana tumbo kama ngoma. Nikafungua kanga.

Nimempikia mlenda mwingi. Mabula kambembeleza na matonge makubwa ya ugali, ili yasukume. Mengine kameza, mengine karudisha. Ndizi kala nusu. Analegea, lakini kacheza na paka kidogo.

Sahani ilikuwa na mbili. Kameza ipi? Nimefagia baraza lote, nimefagia na uwanja. Hakuna hata moja.

Jumapili, 18 Julai 1999

Sijaenda kanisani.

Mabula kachukua karai la kuchenjulia, kaenda nyuma ya nyumba na kinyesi cha mwanae. Kakaa juu ya kijiti, kamwaga maji, kazungusha karai vile vile anavyozungusha mchanga wa mwalo, kule wanakoosha dhahabu, polepole, anamwaga kidogo kidogo, macho hayapepesi. Wanaume wamesimama wanamtania. Leo mwamba umegoma! Tia zebaki! Naye anacheka, lakini namjua mume wangu, shingo ilikuwa imekakamaa. Hakuna kitu.

Nilimwangalia nikampenda. Niandike na hilo.

Limi hataki ugali. Namwekea tonge mdomoni analishika shavuni tu, kisha analitema. Uji mwepesi anakunywa, kwa kusitasita, shingo kainyoosha. Udenda unamtoka mpaka gauni limelowa. Mama Kalisti, jirani yangu anayeuza mihogo ya kukaanga, kasema ni magego. Wa kwake, Kalisti, alitoka udenda hivyo hivyo na alikuwa mdogo kuliko huyu. Pengine. Mtoto akitaka kuota meno hachagui siku.

Jumatatu, 19 Julai 1999

Imetoka! Imetoka! Imetoka!

Asubuhi hii. Mabula alikuwa na karai, mara nikasikia anapiga yowe, nikadhani kang'atwa na nyoka. Kashika kitu kati ya vidole viwili, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kale kadogo, ka saa! Keusi kama mkaa, lakini ndiko. Vigelegele. Mwita kabebwa juu juu kama mgombea udiwani. Nimelia mbele ya watu, kamasi na machozi, sikujali.

Mabula katangaza kesho tunachinja kuku.

Nikamuuliza na ile kubwa je? Akasema mke wangu, tumia akili. Kubwa vile, koo dogo vile, itapita wapi? Kuku wameidona, kuku wanapenda vitu vinavyong'aa. Nikaona ni kweli. Nimeweka kidole changu kwenye koo la Limi kwa nje, koo jembamba. Haiwezi kupita.

Wanawake wamekuja kuuliza habari kutwa nzima. Nimewasimulia wote. Mama Kalisti kanifanya nisimulie mara mbili — mlenda mzito usio na chumvi, ndizi mbivu kabisa, tonge kubwa la kusukuma, na subira. Nikamwambia usiwe na haraka ya hospitali, mama, watakupiga sindano za bure. Nilijisikia mjuzi! Kila mtu alikuwa ananisikiliza.

Limi hakushangilia. Kalala mapajani kwangu tu. Amechoka na kelele.

Jumanne, 20 Julai 1999

Limi ana joto. Kaamka na sauti imekauka, akilia haisikiki vizuri, kama analilia chumba cha pili. Maziwa kanywa, yakarudi. Ndani ya matapishi kuna kamasi jeusi jeusi.

Watu walikuwa wameshaalikwa. Kuku kachinjwa, yule mweupe mnene, ambaye Mabula anaapa kila siku alikuwa anazungukazunguka kwenye kaukuta. Nimemnyonyoa mwenyewe. Nilipofika kwenye firigisi nikaipasua polepole kwa kisu kidogo. Mchanga. Punje za mtama. Kipande cha kigae. Ushanga mwekundu. Nimeimwaga yote kwenye maji, nimeitandaza kwa vidole. Hakuna betri.

Nikaenda kumwita Mabula kutoka kwa wageni. Nikamwonyesha. Akasema basi ni yule mwekundu. Nikasema leta mwekundu. Akacheka kidogo, akaniambia nisimtie aibu. Nikamfukuza yule mwekundu mwenyewe uwanja mzima, mbele ya wageni, mpaka nikamshika, nikamchinja mwenyewe — mwanamke, nimemchinja mwenyewe, watasema. Firigisi ya pili. Mchanga na mtama.

Mwita akaacha kula.

Nikasema kuku mwenye shingo kama kalamu anaweza kumeza ile, mtoto asiweze? Mabula akanipandishia sauti. Akasema mimi natafuta ugonjwa. Betri imetoka kila mtu kaiona, huyu ana malaria, atapewa klorokwini. Na kesho kwenye duara la kina Mwita wanapandisha mawe, asipokuwepo na mizani yake Nadeem atampa mtu mwingine. Nikasema kaa na mizani yako.

Limi hakula hata mchuzi. Mimi kesho naenda, apende asipende.

Jumatano, 21 Julai 1999 — Shinyanga

Mwita ndiye kanipeleka kwa baiskeli mpaka misheni. Hakwenda kwenye mawe. Kakanyaga pedali njia nzima bila kupumzika. Limi mgongoni kwangu anapumua kwa sauti, kama maji yanachemka mbali.

Sista Generosa wa zahanati ni mzee, ana miwani mizito. Nikaamkia shikamoo, hakumaliza hata marahaba, kashamshika Limi. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye betri ya pili akanyanyua uso. Pana kiasi gani? Nikamwonyesha kwa vidole. Akasema: asipewe kitu chochote mdomoni tena, hata maji. Akatoka anaita dereva. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Mwita kashikilia mlango wa gari. Sista alishamwambia betri inachoma. Akaniambia shemeji, dhahabu haichomi. Mimi sikujua, akasema. Nikamwambia nenda nyumbani. Macho yake yalikuwa mekundu, sikuweza kumtazama.

Hapa Shinyanga wamempiga eksirei. Bwana wa picha kaishika juu kwenye dirisha, nami nikaona mwenyewe. Mbavu za mwanangu, nyembamba kama za samaki, na katikati, juu ya moyo, duara jeupe. Limekamilika kabisa, lina ukingo ndani ya ukingo. Akaniuliza alimeza senti? Nikasema betri. Akasema hata mimi naona si senti, na akaondoka haraka kumwita daktari.

Mayo wane, mama yangu! Imekaa hapo tangu Jumamosi. Nimeisukumia matonge.

Hapa hawana kifaa cha kuitolea. Wamesema twende Mwanza sasa hivi, gari liko tayari. Naandika nikiwa nimekaa nyuma, Limi kwenye magoti. Ana kiu, anaramba midomo. Ananiambia "mama, maji". Siruhusiwi.

Alhamisi, 22 Julai 1999 — Mwanza

Imetoka. Si kama ile siku. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Walimlaza kwa dawa, wakaingiza bomba mdomoni, wakaivuta. Dokta Rushabh, kijana bado, Mhindi wa hapa hapa Mwanza, anaongea Kisukuma vizuri kuliko baadhi ya ndugu zangu, kanionyesha kwenye kibakuli. Nyeusi, imeliwa upande mmoja. Inanuka kama chuma kilichochomwa.

Nikamwambia lakini dokta, ilikuwa imekufa, hata mizani ilishindwa kuwasha. Akakaa kitini mbele yangu kabisa. Akasema mayo, betri kama hii haifi kwa namna unayodhani. Nguvu ya kuwasha namba imeisha, ya kuchoma nyama ipo. Ikikwama penye umajimaji, kooni, inafanya kazi palepale, inaunguza kama magadi makali. Saa mbili tu zinatosha. Ile ndogo ilipata bahati ya kushuka. Hii ilikwama. Na juani? nikauliza. Jua haliirudishii kitu, akasema, linaweza kuipasua tu. Zikiisha zifungwe kwa plasta, ziwekwe mbali, zisionwe na mtoto. Na mtoto akimeza, hakuna mlenda, hakuna tonge, hakuna kungoja choo. Ni gari saa ile ile.

Aliuliza nimemlisha nini siku zote hizo. Nimemtajia. Aliandika yote, akayapigia mstari matonge.

Mimi nilidhani namwokoa. Kila tonge nililiviringisha mwenyewe, nikalilainisha kwa mlenda, nikampulizia lisimuunguze.

Ijumaa, 23 Julai 1999

Limi kafumbua macho. Ana mpira puani, wanapitishia maziwa humo. Kanikamata kidole, hakuachia. Sauti haitoki kabisa.

Nimempa utingo wa basi la Shinyanga ujumbe kwa Mabula. Kwanza wa matusi. Kisha nikaufupisha: Limi ni mgonjwa sana, njoo.

Jumamosi, 24 Julai 1999

Kuna tundu.

Dokta Rushabh kanichorea kwenye karatasi. Njia ya chakula na njia ya hewa zinashuka zimepakana. Betri imetoboa ukuta wa kati. Ndiyo maana akimeza hata mate yake yanaingia kwenye mapafu, anakohoa mpaka anakuwa wa bluu. Jumatatu asubuhi wanampasua wajaribu kuziba. Nikauliza atakula tena? Akasema tumvushe kwanza. Nikauliza ataongea? Akasema tumvushe kwanza.

Na kuna jambo jingine kalisema taratibu. Karibu na hapo upo mshipa mkubwa wa damu. Ule ndio anauogopa. Hata sasa betri haipo, nyama iliyoungua inaendelea kubomoka siku nyingi.

Inatakiwa damu. Wamenipima mimi, ya kwangu haimfai. Kundi lake ni la baba yake, tunalijua tangu alipozaliwa. Kwenye benki yao hamna hata chupa moja ya kundi hilo. Sina ndugu hapa Mwanza. Nimemkimbilia tena utingo, nikamwambia mwambie Mabula asilale njiani, anatakiwa atoe damu, mtoto anapasuliwa Jumatatu. Utingo akasema mama usijali, ujumbe wa kwanza ulishafika, na huu atauchukua dereva wa pikapu ya samaki.

Mama wa kitanda cha pili, kutoka Ukerewe, kanipa nusu ya mkate wake. Nimekula nikiwa nimegeukia ukutani. Naona aibu kumeza mbele ya Limi.

Jumapili, 25 Julai 1999

Mabula kafika mchana. Vumbi mpaka kwenye kope. Kabeba gauni jipya la Limi na biskuti — biskuti! Limi alikuwa kalala. Kasimama miguuni mwa kitanda, kautazama mpira wa puani, midomo inamcheza. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana tangu Shinyanga. Sikuweza. Nikamwekea stuli.

Akaniuliza kwa kunong'ona: kifua kimempata lini? Nikashangaa kifua gani. Kumbe hajui. Utingo alimwambia mgonjwa, dereva akamwambia damu, hakuna aliyemwambia betri. Mwita naye aliaga siku ile ile niliyomwacha misheni, kaenda Geita na begi lake, hajasema neno la betri kwa mtu. Kwa Mabula betri ilitoka Jumatatu kwenye karai, basi. Hili ni gonjwa jingine.

Kabla sijafungua mdomo akaanza habari za nyumbani, namna anavyofanya akiogopa, anaongea tu. Mawe yametoa vizuri. Paka kazaa. Mama Kalisti anakusalimu sana. Halafu akasema, na alitabasamu kidogo kunichangamsha: unajua Kalisti naye kaiga? Jana jioni kameza betri bapa ya kalkuleta ya karani wa mwalo. Mama yake hata hakupiga kelele. Anafuata vile vile ulivyomwelekeza. Kabla sijapanda gari nimepita kwao, nimewaambia msihangaike, yetu ilitoka.

Nimesikia mtu anapiga ukunga wodini. Ni mimi.

Sista wa wodi kaja mbio. Nimemvuta Mabula mpaka korido, nimemwambia. Yote kwa pumzi moja: eksirei, duara, tonge, tundu, mshipa. Kila neno anatikisa kichwa kama anafukuza nzi. Kisha akaacha kutikisa. Akakaa chini, kwenye sakafu ya korido, mtu mzima, na watu wanapita. Akasema: mimi ndiye niliyeanika. Nikamwambia nyamaza, Kalisti anakula mlenda sasa hivi.

Posta imefungwa, Jumapili. Bwana wa ofisi ya hospitali katuonea huruma, katuachia simu. Mwakitolyo hakuna simu, wala misheni. Tumepiga kwa Nadeem, Kahama, dukani. Inalia, inalia. Duka limefungwa. Tumejaribu mara nyingi mpaka yule bwana akaangalia saa yake.

Akaja mlinzi akasema kuna lori la mbegu za pamba linatoka sasa hivi kwenda Shinyanga, liko getini, dereva anakunywa chai. Lakini yeye anaishia Shinyanga, na ujumbe wa kupokezana nimeshauona unavyofika vipande.

Watu wa benki ya damu leo wamefunga, wanaanza kupokea kesho asubuhi. Limi anaingia kupasuliwa kesho asubuhi. Mabula akipanda lori hawezi kuwahi. Tumesimama tunatazamana.

Nikasema nenda. Akasema na damu? Nikasema basi kaa. Akakaa. Nikamwona Kalisti, kitumbo nje, anaviringishiwa tonge na mama yake, na mama yake anamwambia maneno yangu: subira, subira, itatoka. Maneno yangu mwenyewe yapo kule yanamuua mtoto wa watu! Nikamsukuma Mabula kifuani kwa mikono miwili. Nenda. Waambie ni mimi nimesema. Wasimpe kitu, hata maji. Wampeleke kwa Sista Generosa, usiku huu huu. Kimbia!

Kakimbia. Hakurudi hata kumshika Limi mkono. Nimelisikia lori linaondoka.

Mama wa Ukerewe kanikemea. Kasema wewe ni mwendawazimu, mtoto wako kwanza. Baadaye akaja akakaa kando yangu, akasema kesho na yeye watampima, huwezi kujua. Na mume wake akija kumwona, naye. Nimemshukuru. Kaanza kuzunguka kitanda kwa kitanda kuwaomba watu.

Sasa ni jioni. Akienda vizuri atakuwa kashapita Misungwi. Sijui kama nimefanya vyema. Nikifikiri kwa Kalisti naona ndiyo, nikimtazama huyu naona siyo.

Limi kaamka. Anazungusha macho, anatafuta mlangoni. Alisikia sauti ya baba yake usingizini, najua. Nimemwambia kaenda dukani, anarudi. Gauni nimelitandika juu yake, kalishika pindo.

Sista wa wodi kanipa kitambaa cheupe, nimpanguzie mdomo kila akikohoa. Kaniambia nikiona wekundu, hata kidogo kama wa mbu aliyepondwa, nipige kelele. Nimempanguza sasa hivi. Nimekigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

Cheupe.

Anakohoa tena, naacha kalamu nimpanguze.